Sifa ya Kuomba Si Tiketi ya Kuchaguliwa: Taasisi ya Usimamizi ya Ahmedabad Inavyowapata Wanafunzi 400 kati ya Laki Tatu

Kila mwaka, kwa kawaida katika Jumapili ya mwisho ya mwezi Novemba, vijana wa India wapatao laki tatu huingia katika vyumba vya mtihani vilivyotawanyika katika miji zaidi ya 100 ya nchi hiyo. Hukaa mbele ya kompyuta kwa saa mbili tu. Mtihani huo wa pamoja wa udahili, unaojulikana kwa kifupi kama CAT, ndio mlango mkuu wa kuingilia Taasisi za Usimamizi za India, ambazo kwa sasa ni zaidi ya 20. Mwaka 2024 waliojisajili walikaribia 329,000 na waliofanya mtihani walikuwa takriban 293,000.

Taasisi inayotamaniwa zaidi miongoni mwa hizo ni ile ya Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, ijulikanayo kama IIMA. Programu yake kuu ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ambayo ni ya miaka miwili, huchukua wanafunzi takriban 400 kwa mwaka. Kwa hesabu ya haraka, ni nafasi moja kwa kila watu zaidi ya 700 waliofanya mtihani, ingawa si wote huiweka taasisi hiyo katika machaguo yao.

Ushindani wa kiwango hicho huibua swali linalogusa kila nchi yenye vijana wengi na viti vichache vya elimu ya juu: pale ambapo wenye uwezo ni wengi kuliko nafasi, ni kwa haki gani mmoja huchukuliwa na mwingine huachwa? India imekuwa ikilijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 60, na majibu yake yamebadilika kwa nyakati tofauti, mara nyingine kwa sheria za Bunge na hukumu za Mahakama ya Juu.

Taasisi iliyozaliwa na taifa changa

IIMA ilianzishwa mwaka 1961 kwa ushirikiano wa Serikali ya India, Serikali ya Jimbo la Gujarat na wenye viwanda. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Dkt. Vikram Sarabhai, mwanafizikia anayetambuliwa pia kuwa mwasisi wa mpango wa anga za juu wa India. Katika miaka yake ya mwanzo taasisi ilishirikiana na Shule ya Biashara ya Harvard ya Marekani, ambako ilichukua mbinu ya kufundisha kwa visa halisi: mwanafunzi hupewa tatizo lililowahi kuikabili kampuni au shirika, kisha hutakiwa kutoa na kutetea uamuzi mbele ya wenzake. Majengo yake ya matofali mekundu yalisanifiwa na Louis Kahn, msanifu majengo mashuhuri wa Marekani.

Lengo la kuanzishwa kwake lilikuwa kuipatia nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1947 mameneja wake yenyewe wa kuendesha viwanda, mabenki na mashirika ya umma. Hadi leo taasisi hiyo imeshika nafasi ya kwanza katika fani ya usimamizi kwa miaka kadhaa mfululizo katika orodha ya upangaji wa vyuo inayotolewa na Wizara ya Elimu ya India. Sheria ya Taasisi za Usimamizi ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Januari 2018, ilizipa taasisi hizo mamlaka ya kutunuku shahada, kwani awali zilikuwa zikitoa stashahada ya uzamili.

Sifa ya chini na ushindani

Jambo la kwanza la kuelewa ni tofauti kati ya kuwa na sifa na kuchaguliwa. Sifa ya chini ya kufanya mtihani wa CAT ni nyepesi: mwombaji awe na shahada ya kwanza yenye ufaulu usiopungua asilimia 50, au asilimia 45 kwa watu wenye ulemavu na wanaotoka katika matabaka na makabila yaliyoorodheshwa kikatiba. Hakuna ukomo wa umri. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza naye huruhusiwa kufanya mtihani, na aliyeshindwa mwaka huu anaweza kurudi mwakani.

Wepesi huo ni wa makusudi. Sifa ya chini humhakikishia mwombaji haki ya kushindana, lakini haimpi kiti. Kuanzia hapo, kila hatua inampima kwa kumlinganisha na wenzake, na mtu anaweza kufanya vizuri kwa kipimo chochote cha kawaida, kisha akaachwa kwa sababu wengine wamefanya vizuri zaidi.

Mtihani unavyopima

Mtihani wa CAT una sehemu tatu: ufahamu wa maandishi na matumizi ya Kiingereza; ufasiri wa takwimu na mantiki; na hisabati. Kila sehemu ina dakika 40, na mtahiniwa haruhusiwi kuhamisha muda wa sehemu moja kwenda nyingine. Utaratibu huu huzuia mtu hodari wa hesabu kufidia udhaifu wake wa lugha kwa kutumia dakika alizookoa kwingine.

Jibu sahihi hupata alama tatu. Katika maswali ya kuchagua jibu, jibu lisilo sahihi humwondolea mtahiniwa alama moja. Adhabu hiyo ina hesabu yake. Swali likiwa na majibu manne ya kuchagua, mtu anayebahatisha tu atapatia mara moja na kukosea mara tatu katika kila maswali manne, hivyo alama tatu alizopata zitafutwa na alama tatu alizokatwa. Kwa maneno mengine, kubahatisha hakumpi mtu faida. Kwa upande mwingine, maswali ambayo mtahiniwa hutakiwa kuandika jibu mwenyewe hayana adhabu.

Kwa kuwa mtihani hufanyika kwa awamu tatu ndani ya siku moja, na kila awamu ina maswali yake, alama husawazishwa kitakwimu ili aliyepata karatasi ngumu zaidi asiumie. Baada ya mtihani majibu sahihi huchapishwa, na mtahiniwa anayeamini kuwa jibu fulani lina kasoro hupewa muda wa kuwasilisha pingamizi.

Maana ya pasentaili

Matokeo ya CAT husomwa zaidi kwa kipimo cha pasentaili, ambacho mara nyingi huchanganywa na asilimia. Asilimia hueleza mtu amepata alama ngapi katika kila mia. Pasentaili hueleza amewapita watahiniwa wangapi katika kila mia. Mwenye pasentaili ya 99 amewazidi watahiniwa 99 kati ya kila 100, hata kama alama zake halisi ni chini ya nusu ya alama zote.

Ufaulu huo unasikika kuwa wa juu mno, lakini asilimia moja ya watahiniwa 293,000 ni watu 2,930. Hao wote wako katika pasentaili ya 99 au zaidi, nao ni zaidi ya mara saba ya nafasi zilizopo Ahmedabad. Hata pasentaili ya 99.9 inabeba watu wapatao 293. Hapa ndipo mtihani wenyewe unapofikia ukomo wake, kwani tofauti kati ya mtu wa 300 na wa 600 katika orodha hiyo inaweza kuwa maswali machache tu. Kuamua maisha ya mtu kwa maswali machache ya Jumapili moja si haki, na taasisi inalijua hilo. Ndiyo maana CAT haiachiwi iamue peke yake.

Historia ya mwombaji nayo huhesabiwa

Kabla ya kuita watu kwenye usaili, IIMA huweka pembeni wale ambao hawakufikia pasentaili ya chini iliyotangazwa kwa kila sehemu ya mtihani na kwa jumla. Waliobaki hupewa alama ya pili inayotokana na historia yao: matokeo ya darasa la kumi, ya darasa la kumi na mbili, ya shahada ya kwanza, na uzoefu wa kazi. Vipimo vya matokeo hayo hutofautiana kulingana na mchepuo au fani, kwa kuwa kupata asilimia 80 katika fasihi si sawa na kuipata katika fizikia.

Kanuni ya uzoefu wa kazi inaonyesha namna taasisi inavyofikiri. Mwombaji mwenye uzoefu wa chini ya miezi 12 hapati alama yoyote katika kipengele hicho. Kuanzia hapo kila mwezi humwongezea sehemu ya alama, hadi kufikia alama tano kwa mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Baada ya hapo alama haziongezeki. Aliyefanya kazi miaka mitatu na aliyefanya kazi miaka kumi hulingana. Uzoefu unathaminiwa, lakini hauruhusiwi kuwafunika vijana waliomaliza masomo karibuni.

Alama ya CAT na ya historia huunganishwa kwa uwiano unaotangazwa mapema, na katika miaka ya karibuni CAT imekuwa ikibeba takriban theluthi mbili. Pia waombaji hugawanywa kwa fani walizosoma, na sehemu ya nafasi za usaili hutolewa kwa waliofanya vizuri kabisa ndani ya kila kundi la fani. Hatua hii inatokana na uzoefu: kwa miaka mingi wahitimu wa uhandisi wamekuwa wengi kupita kiasi madarasani, kwa kuwa mtihani wenye hesabu nyingi unawafaa zaidi kuliko waliosoma sheria, sanaa au udaktari.

Jinsia nayo imeingizwa katika hesabu. Taasisi kadhaa za kundi hilo huwaongezea alama wanawake katika hatua ya mchujo. Taasisi ya Kozhikode, iliyoko katika jimbo la Kerala, ilivuta macho ya nchi mwaka 2013 pale wanawake walipokuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wapya wa programu yake kuu. Wanaopinga wanasema alama hizo humwadhibu mwanamume aliyefanya vizuri zaidi katika mtihani. Wanaounga mkono wanajibu kuwa darasa linalojadili uendeshaji wa kampuni na taifa haliwezi kufundisha vizuri likiwa na sauti za aina moja.

Nafasi zilizotengwa kisheria

Safu nyingine ya vigezo haikutungwa na taasisi, bali ni matakwa ya Katiba na sheria za India. Katika taasisi za elimu za Serikali Kuu, asilimia 15 ya nafasi hutengwa kwa matabaka yaliyoorodheshwa, yaani jamii zilizobaguliwa kwa karne nyingi katika mfumo wa tabaka, na asilimia 7.5 kwa makabila yaliyoorodheshwa. Sheria ya mwaka 2006 iliongeza asilimia 27 kwa matabaka mengine yaliyo nyuma kijamii na kielimu.

Sheria hiyo ilipingwa kwa maandamano na kwa kesi. Aprili 2008 Mahakama ya Juu iliithibitisha, kwa sharti kwamba watoto wa familia zilizokwisha kuneemeka ndani ya matabaka hayo wasinufaike nayo. Vyuo navyo vilitakiwa kuongeza jumla ya nafasi ili idadi ya zile zilizo wazi kwa wote isipungue. Mwaka 2019 marekebisho ya Katiba yaliruhusu asilimia 10 kwa wenye hali duni ya kiuchumi wasiomo katika makundi ya awali, na Novemba 2022 Mahakama ya Juu ikayaafiki kwa kura tatu dhidi ya mbili.

Kwa mfano wa darasa la wanafunzi 400, hesabu inakuwa hivi: nafasi 60 ni za matabaka yaliyoorodheshwa, 30 za makabila yaliyoorodheshwa, 108 za matabaka mengine yaliyo nyuma, na 40 za wenye hali duni ya kiuchumi. Nafasi 162 zilizobaki ziko wazi kwa kila mtu, wakiwamo watu wa makundi hayo wanaozifikia kwa alama zao wenyewe. Asilimia 5 kwa ajili ya watu wenye ulemavu hupatikana ndani ya makundi yote, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016.

Kutengwa kwa nafasi hakuondoi ushindani. Ndani ya kila kundi waombaji hushindana wenyewe kwa wenyewe, hupitia mtihani uleule na kukaa mbele ya jopo lilelile la usaili. Kinachobadilika ni watu ambao mwombaji hulinganishwa nao. Msingi wa hoja ya India ni kwamba alama haizaliwi hewani: nyuma yake kuna shule aliyosoma mtoto, lugha inayozungumzwa nyumbani, ada ya masomo ya ziada, na vizazi vilivyofungiwa milango ya shule.

Usaili ndio mwenye uzito

Wanaopita mchujo huitwa katika usaili, kwa kawaida katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Kwanza huandika uchambuzi mfupi: hupewa hoja fulani na kutakiwa kuonyesha nguvu na udhaifu wa mantiki yake. Kisha hukutana na jopo linalowahoji kuhusu masomo, kazi, maamuzi waliyowahi kufanya na masuala ya nchi yao. Mhandisi anaweza kuulizwa hisabati ya mwaka wa kwanza chuoni. Mfanyakazi wa benki anaweza kutakiwa kueleza namna riba inavyomfikia mkulima mdogo.

Katika uamuzi wa mwisho uzito hugeuka. Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, usaili hubeba nusu ya alama zote, CAT robo, historia ya mwombaji asilimia 15, na uchambuzi wa maandishi asilimia 10. Hivyo mtihani uliomfikisha mtu mlangoni si ule unaomwingiza ndani. Aliyeshika nafasi ya juu kitaifa anaweza kukosa kiti kwa kushindwa kueleza anachokijua, na aliyepita mchujo kwa tabu anaweza kukipata.

Uzito huo una upande wake wa pili. Usaili ni hukumu ya binadamu, na binadamu huweza kuvutiwa na lafudhi, mavazi au shule inayofanana na yake. Kinga dhidi ya hatari hiyo ni jopo la zaidi ya mtu mmoja, na nusu ya alama zinazobaki nje ya mikono ya wasaili.

Pale imani ilipotikiswa

Mfumo huu umewahi kuyumba. Novemba 2003 karatasi ya mtihani wa CAT ilivuja, mtihani ukafutwa nchi nzima na kurudiwa Februari 2004. Mwaka 2009, ulipofanyika kwa kompyuta kwa mara ya kwanza, hitilafu za kiufundi ziliwakwamisha maelfu ya watahiniwa, na ikabidi wengine wapangiwe tarehe mpya. Katika matukio yote mawili gharama ya kurudia ilikuwa kubwa, lakini gharama ya kuyaacha matokeo yenye shaka ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu mfumo wa ushindani huishi kwa imani ya wale wanaoshindwa.

Imani hiyo hujengwa na jambo moja la msingi: vigezo, uzito wake na kanuni za hesabu huchapishwa kabla ya mchujo kuanza. Aliyeachwa anaweza kuchukua kalamu, akakokotoa alama zake hadi hatua ya usaili na kuona alipopungukiwa. Anaweza kutokubaliana na kanuni, akaandamana au kwenda mahakamani, lakini hawezi kusema kuwa kanuni ilitungwa baada ya jina lake kuonekana.

Yanayomhusu mwombaji wa Tanzania

Kwa wananchi wanaofuatilia matangazo ya udahili nchini, tofauti kati ya sifa na ushindani si ngeni. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa mwongozo wa udahili wenye sifa za chini za kila programu kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Kwa wahitimu wa kidato cha sita kiwango cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili wenye alama zisizopungua 4.0, huku programu nyingi zikihitaji zaidi. Hata hivyo, kila msimu hujitokeza malalamiko ya waombaji waliotimiza sifa na kukosa nafasi katika programu ya biashara, uhasibu au udaktari waliyoitaka. Mara nyingi maelezo ni yaleyale ya Ahmedabad: waliotimiza sifa walikuwa wengi kuliko viti. Mwombaji makini huusoma mwongozo wote, huangalia idadi ya nafasi, na hupanga machaguo yake kwa namna ambayo hayategemei programu moja yenye ushindani mkubwa.

Mtanzania anayetaka kusoma katika taasisi hiyo ya India naye anao mlango. Raia wa kigeni wanaoishi nje ya India huweza kuomba kwa kutumia matokeo ya mtihani wa kimataifa wa GMAT badala ya CAT, na maombi huwasilishwa moja kwa moja katika tovuti ya taasisi. Mwaka 2025 IIMA ilifungua pia kampasi Dubai inayotoa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa wenye uzoefu wa kazi, hatua inayoisogeza karibu na Waswahili wengi wanaoishi na kufanya kazi katika nchi za Ghuba.

Anayeelekea huko anapaswa kupiga hesabu ya fedha mapema. Ada ya programu ya miaka miwili kwa wanafunzi wa India ilikuwa takriban rupia milioni 2.5 kwa waliojiunga mwaka 2024, na wenye kipato kidogo huweza kuomba ufadhili wa taasisi unaozingatia hali ya familia. Anayerejea nchini na shahada ya nje huwasilisha tuzo yake TCU ili itambuliwe. Hakuna mtu wa kati anayeweza kununua pasentaili au kumwombea mtu alama za usaili, na yeyote anayedai malipo kwa ahadi ya nafasi ya uhakika katika chuo chenye ushindani wa namna hii anauza kitu asichonacho.